Koo limeatamia, nimelipatia vifaranga wa kufikia: kwa nini limekubali wote likamkataa mmoja?

#1 KibandaChaNyuma
Wakuu habari zenu. Nina koo langu limeatamia, lipo wiki ya tatu sasa, mayai nimeyapima kwa tochi karibu yote viza. Bahati nzuri mtu mwenye mashine ya kutotolesha akanigawia vifaranga, nikasema ngoja nimpe huyu mama asihangaike bure. Jana usiku nimewasukumia chini ya tumbo mmoja mmoja huku natoa mayai, akaunguruma kidogo akatulia. Asubuhi naenda kuchungulia nakuta mambo safi, wamejaa chini ya mbawa vichwa tu ndo vinachungulia, isipokuwa mweusi mmoja. Huyo kila akitaka kuingia anapigwa mdomo wa kichwa, na sio ule mdomo wa kuonya, anadonoa kweli mpaka manyoya yanabaki mdomoni. Wenzie ni wa njano na wa kahawia. Nimemtoa, yupo ndani kwenye boksi na taa.
Swali: ni rangi? Maana wametotolewa mashine moja siku moja, wameingizwa usiku mmoja, sasa kosa lake nini? Na nimrudishe usiku wa leo au ndo basi tena?

#2 Mzee_wa_Mitetea
Rangi hiyo mkuu wala usiumize kichwa. Kuku anaona rangi vizuri kuliko mimi na wewe. Usiku hakumuona, kulivyopambazuka akamuona hafanani na wenzie akamhesabu panya.

#3 Domo_la_Kasuku
panya 😂😂

#4 Salma_wa_Banda
Mimi nakataa. Koo langu jeusi tii lilishalea wa njano watupu, baadaye likapewa mchanganyiko mpaka wenye madoa, halijawahi kumgusa mtu. Ingekuwa rangi si lingewakataa wote, maana hakuna aliyefanana nalo? @Mzee_wa_Mitetea hapo unasemaje.

#5 Mzee_wa_Mitetea
Nasema koo lako lina roho nzuri 😀 Halafu dada soma tena, sijasema anafananisha na rangi yake yeye, yeye mwenyewe atajionea wapi. Anafananisha na kundi. Njano wengi, mweusi mmoja, mgeni anaonekana wazi. Kwako walikuwa njano watupu kwahiyo hakukuwa na wa kujitenga. Na huo mchanganyiko wako, kila rangi ilikuwa na mmoja mmoja au kadhaa?

#6 Salma_wa_Banda
Kadhaa. Ila usianze kushangilia.

#7 FundiBruda
Kabla hamjauana kwa rangi tuulize umri kwanza. Mleta uzi anasema wametotolewa "siku moja". Aliyewahi kukaa na mashine anajua siku moja ya mashine ni maneno tu, yai la kwanza linapasuka leo jioni la mwisho kesho usiku, na wale wa mwanzo wanaachwa humohumo wakauke, kwahiyo kati ya wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita siku nzima na zaidi halafu wote unakabidhiwa boksi moja. Kwa upande wa tumbo haina shida, kifaranga anazaliwa na kiini cha yai ndani kinamshikilia mpaka kama saa 72, ndo maana wanasafirishwa bila kula wala kunywa wanafika wazima.
Shida ipo kichwani. Kuna muda mfupi sana baada ya kutotolewa, siku ya kwanza na ya pili hivi, ambao kifaranga anamshika mama. Kitu kinachotembea na kutoa sauti mbele yake ndo anakifuata. Konrad Lorenz wa Austria ndo aliyeifanya hii ijulikane miaka ya 1930 na vifaranga vyake vya bata bukini vilivyomfuata yeye kila anakokwenda, na 1973 akapata Nobeli na wenzake wawili. Sasa huyo mweusi kama ndo alitangulia kutoka, ameshaizoea mikono ya watu, taa, ngurumo ya feni. Ukimuweka kwa koo haelewi anavyoitwa, anakimbia, anapiga kelele, na koo likiona kitu kinalikimbia linakihesabu sio chake. Kwahiyo aliyeanza kukataa ni kifaranga, mama amejibu tu.

#8 Domo_la_Kasuku
yaani mtu kadonolewa kichwa na bado kesi ni yake. kuku mgeni hakosi kamba mguuni

#9 BiKokoto
Jamani mbona hakuna anayetaja sauti? Kuku anaongozwa na masikio zaidi ya macho kwa mambo ya watoto. Kuna jaribio la zamani sana, la 1933, walichukua kifaranga wakamfunika kwa kifuniko cha kioo mbele ya mama yake, anamuona kabisa anavyotapatapa ila sauti haitoki, mama akaendelea na mambo yake wala hakushtuka. Halafu wakamficha kifaranga nyuma ya kizuizi, haonekani, ila kilio kinasikika, mama akaja mbio. Na wako wale bata mzinga walioharibiwa masikio kwenye majaribio ya watafiti kina Schleidt, 1960 hiyo, wakawaua watoto wao wenyewe kwa kuwa hawakuwasikia wakilia. Watoto wao wenyewe waliowaatamia! Sasa muulize mleta uzi huyo mweusi analiaje. Kama ana sauti kavu, au amenyamaza tu, koo linaona kitu kinachosogea chini yake bila sauti ya mtoto, litafanya nini zaidi ya kudonoa?

#10 MifugoMwakaWaTatu
@BiKokoto umesema vizuri ila tuweke sawa kitu kimoja, wale bata mzinga walikuwa viziwi, na bata mzinga sio kuku. Koo la mleta uzi linasikia vizuri tu, kama lisingesikia lisingemkubali hata mmoja. Kwahiyo jaribio lile linatuambia sauti ni lazima iwepo, halituambii kwamba huyu mmoja alikosa sauti.

#11 BiKokoto
Ndo maana nikasema aulizwe.

#12 KibandaChaNyuma
Asanteni wote. Majibu: umri kamili sijui kusema kweli, aliyenipa alisema wa jana. Kulia analia, tena kwa nguvu kuliko wenzie, hapa kwenye boksi ananipigia kelele mpaka nimemuwekea kioo kidogo ajione akanyamaza. Sauti sijaona tofauti. Mguu sawa, macho sawa, kitovu kimekauka. Ila kuna kitu nimekumbuka, yeye niliingiza wa mwisho, na wakati namuingiza tochi ilikuwa inawaka.

#13 Mzee_wa_Mitetea
Si ndo hivyo, tochi. Alimuona. Rangi.

#14 FundiBruda
Tochi ya rangi gani?

#15 KibandaChaNyuma
Ya simu. Nyeupe.

#16 FundiBruda
Hapo ndo penyewe. Usiku tumia tochi nyekundu kuku hawaoni nyekundu.

#17 MifugoMwakaWaTatu
Hapana mkuu, nyekundu wanaiona vizuri sana. Jicho la kuku lina vipokezi vinne vya rangi, sisi vitatu, anaona nyekundu, kijani, bluu na mpaka ile miale iliyopita zambarau ambayo sisi hatuioni. Alicho dhaifu ni kuona gizani. Wanaokamata kuku wa nyama usiku kwenye mabanda makubwa wanatumia taa ya bluu iliyofifia, kuku wanatulia chini ya bluu. Nyekundu ikiwa hafifu sana inasaidia kwa kuwa ni hafifu, sio kwa kuwa haionekani.

#18 FundiBruda
Mimi natumia nyekundu miaka yote na sijawahi kupata shida.

#19 MifugoMwakaWaTatu
Sijakataa mkuu. Na gizani kabisa kwa kupapasa ungepata shida?

#20 Domo_la_Kasuku
uzi wa vifaranga umegeuka uzi wa mataa

#21 Shangazi_Kuku
Nimesoma yote nimecheka. Nyie mnatafuta sababu moja. Mimi nimewapa makoo vifaranga wa watu tangu sijawa na simu na nitawaambia ninavyoona, kila koo lina tabia yake. Kuna koo ukilipa vifaranga mchana kweupe linawapokea na kuwafunika hapohapo, hata wa wiki nzima linawachukua. Kuna lingine ukikosea dakika moja linatawanya wote. Lile la kwanza usiliuze, likiatamia tu unalipa watoto wa banda zima. Lile la pili liache litage mayai, ulezi sio fani yake.
Namna ninavyofanya mimi. Kwanza koo lisiwe limekaa jana na leo, liache likae mpaka lishikwe hasa, ukipitisha mkono chini yake linavimba, linaunguruma, linatanua manyoya ila halitoki kitandani. Likitoka mbio bado. Pili usimpe kwenye kiota cha juu wala kile wanachotagia wenzie, mhamishe siku kadhaa kabla kwenye kona yake ya chini, pakavu, pana mlango wa kufunga, maana kuku wengine ndo wauaji wakubwa wa vifaranga wageni kuliko huyo mlezi tunayemsema hapa. Tatu giza liwe limeingia kweli. Unapitisha mkono na kifaranga ndani ya kiganja, nyuma ya kiganja kuelekea kwa koo, akidonoa anadonoa mkono wako, unamwacha kifaranga chini ya kifua palepale manyoya yaliponyonyoka pana joto, unatoka na yai moja. Hivyohivyo mpaka waishe. Usiongee sana. Alfajiri uwepo, tena kabla hakujapambazuka, maana uamuzi anaufanya mwanga ukiingia. Ukisikia ile kok kok ya chini ya haraharaka, ile ya kuita, nenda kalale. Ukisikia kimya na kilio cha kifaranga mmoja, fungua mlango.
Huyo mweusi wako mwanangu mrudishe usiku huu huu. Ukimkalisha kwenye taa mpaka wiki iishe ndo basi.

#22 Salma_wa_Banda
Shangazi shikamoo. Hii ya nyuma ya kiganja nimeipenda, mikono yangu ina alama.

#23 Shangazi_Kuku
Marahaba mama.

#24 MifugoMwakaWaTatu
Naongezea kwenye la shangazi la "lishikwe hasa". Kuna homoni inaitwa prolaktini, ndo inayomkalisha kuku kwenye mayai, inapanda kadiri anavyokaa, na kugusana kwa ngozi ya kifua na mayai ndo kunaishikilia juu. Vifaranga wakitotolewa inaanza kushuka na mwili unahama kutoka kuatamia kwenda kulea, na kinachomhamisha ni kuwagusa vifaranga na kuwasikia. Mayai yenyewe yanaanza kulia ndani siku ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, na mama anajibu, kwahiyo kwa kawaida anakuwa ameshajiandaa kabla hajamuona mtoto. Ukimpa vifaranga wa kufikia unamrukisha hatua hiyo. Wengi wanaruka vizuri. Wengine wanahama nusunusu, usiku ni mama, asubuhi bado ni mlinzi wa mayai, na mlinzi wa mayai anadonoa chochote kinachosogea. Yule aliyeingia wa mwisho, tochi inawaka, koo limeshachokozwa mara kadhaa mfululizo, alikutana na mlinzi.

#25 BabaMapacha
Kwahiyo lazima wiki tatu? Maana nina koo lina siku chache tu limekaa na vifaranga nao wanakuja.

#26 FundiBruda
Lazima. Siku 21 ndo hesabu ya mwili wa kuku.

#27 Salma_wa_Banda
Sio lazima jamani! Kuku hana kalenda. Anaelalia mayai ya bata anakaa siku 28, ya kanga hivyohivyo karibu mwezi, ya bata mzinga 28, na anakaa tu mpaka yatoke. Angekuwa anahesabu 21 angeyaacha. Na mimi nimewahi kumpa aliyekaa kama wiki hivi akapokea.

#28 Shangazi_Kuku
Wiki inawezekana kwa lile koo la kwanza nililosema. Kwa koo usilolijua ongeza siku. Likipewa mapema sana linaweza kupokea halafu likachoka mapema, vifaranga bado hawajaota manyoya ya kutosha mama kashaanza kutaga na kulala juu na wenzie.

#29 Nondo_Tupu
samahani wakuu nje ya mada kidogo, nyie mnaamini kabisa kuku "anampenda" au "anamkataa" mtoto? hiyo ni mashine tu, swichi imewashwa imezimwa

#30 BiKokoto
Bristol, Uingereza, 2011. Watafiti waliwapulizia vifaranga hewa kidogo ya kuwasumbua mama akiwa anaangalia, hajaguswa yeye. Mapigo ya moyo ya mama yakapanda, akaacha kujichambua manyoya, akawa macho na kuanza kuita. Mashine gani inafanya hivyo.

#31 Nondo_Tupu
mashine nzuri

#32 Domo_la_Kasuku
😂 mod mpe huyu likizo

#33 ChanjoKwanza
Sijaona mtu amegusa hili na mimi ndo linaniuma. Hao vifaranga wa mashine wamechanjwa mareksi? Ugonjwa huu ni wa virusi, umepewa jina la József Marek wa Hangaria aliyeueleza 1907, na virusi vyake vinakaa kwenye vumbi la manyoya ya kuku wakubwa ambao kwa kuwaangalia ni wazima kabisa. Ndo hilo vumbi unamlaza nalo kifaranga. Chanjo inapigwa siku ya kutotolewa na inataka kama wiki moja mpaka mbili kinga ijengeke. Kwahiyo kumpa koo kifaranga wa siku moja ni kumuingiza kwenye vumbi kinga haijakomaa. Bruda safi, yaani chumba au boksi la kulelea vifaranga kwa joto la taa, mbali na wakubwa kwa wiki za mwanzo ni salama zaidi, mnisamehe.

#34 FundiBruda
Nakuunga mkono kwa mara ya kwanza 😅

#35 Shangazi_Kuku
Kwa anayefuga mamia sawa. Kwa mwenye koo moja na banda moja, hao vifaranga baadaye wanakwenda kuishi na vumbi hilohilo. Na wanaototolewa na mama yao wanazaliwa ndani yake.

#36 ChanjoKwanza
Shangazi wa mama yao angalau wana kinga kidogo waliyorithi kwenye yai kutoka kwa mama wa banda hilo. Wageni wanaweza kuwa na kinga ya banda lingine au wasiwe nayo. Lakini nakuelewa. Basi angalau mama akaguliwe chawa na utitiri kabla, inua mbawa, angalia chini ya mkia, kuku aliyeatamia hajichambui wala haogi mavumbi ipasavyo wadudu wanajaa, vifaranga wakiingia wanahamiwa wote. Na chakula, msiwawekee chakula cha kuku wa mayai. Kile kina kalsiamu karibu asilimia 3.5 mpaka 4, kifaranga anataka kama asilimia 1, figo zinaharibika. Weka chakula cha vifaranga wale wote na mama yao, yeye hatagi kwa wakati huo hakimdhuru.

#37 KibandaChaNyuma
Asante sana @ChanjoKwanza hilo la chakula sikulijua. Ngoja nikabadilishe sasa hivi.

#38 BabaMapacha
na maji?

#39 ChanjoKwanza
Chombo kifupi, weka kokoto ndani, wanazama hata kwenye maji ya kidole.

#40 Mzee_wa_Mitetea
Nikiwa nasubiri mrejesho niwachekeshe. Koo langu nililipa mayai ya bata likatotoa vizuri, likatembea nayo kwa majivuno, siku bata wameona dimbwi wakaingia wote. Yule mama alikimbia kuzunguka lile dimbwi anapiga kelele mpaka sauti ikakauka, watoto wanaogelea zao. Kila siku hivyohivyo. Kulea mimba si kazi.

#41 Salma_wa_Banda
Unaona! Bata, mdomo bapa, miguu ya utando, na alimpokea. Rangi tena ya nini?

#42 Mzee_wa_Mitetea
Walikuwa bata watupu! Wote wamefanana! Mbona hunielewi wewe dada 😂

#43 BiKokoto
Na waliongea naye wakiwa ndani ya yai. Sauti.

#44 Mkulima_wa_Mtandaoni
Jogoo je anaweza kulea? Nimeona langu likiwaita vifaranga kwenye chakula.

#45 MifugoMwakaWaTatu
Kuita kwenye chakula majogoo wengi wanafanya, hasa kuwaita mitetea, vifaranga nao wanafaidi. Kulala na vifaranga chini ya mbawa ni nadra ila imeshaonekana, na Ulaya ya zamani walikuwa wanatumia majogoo waliohasiwa kulea vifaranga. Usimtegemee. Jogoo mzima anaweza pia kuwaumiza.

#46 KibandaChaNyuma
MREJESHO wakuu. Usiku nimefanya alivyosema shangazi. Giza tupu, hakuna tochi, nyuma ya kiganja. Nimetoa kwanza wawili wa njano nikawaweka na mweusi kwenye boksi moja muda, wakalala wamebanana, halafu nikawarudisha watatu kwa pamoja, mweusi katikati. Nimedonolewa mimi. Alfajiri nimekaa nje ya mlango. Kok kok imesikika. Nimefungua, mweusi yupo chini ya bawa la kushoto na wenzie. SHIDA: wakitoka kula, akisogea kwenye chakula koo linampa mdomo mdogo, sio wa jana, wa kumsogeza tu. Anarudi nyuma anazunguka anakuja upande wa pili anakula. Kulala wanalala wote. Sasa hii ni amekubaliwa au hajakubaliwa?

#47 BiKokoto
Hongera! Usiku hamuoni anamsikia tu, anakubali. Mchana macho yanaingilia. Nilisema mimi.

#48 Mzee_wa_Mitetea
Mchana anamuona mweusi, anamdonoa. Nilisema mimi.

#49 FundiBruda
Amelala na wenzie kwenye boksi amejifunza kufuata kundi, hakimbii tena. Nilisema mimi.

#50 MifugoMwakaWaTatu
Siku imepita, koo limeshahamia kwenye ulezi. Nilisema... basi 😀

#51 Nondo_Tupu
swichi

#52 Salma_wa_Banda
Hakuna aliyetaja harufu. Alilala na wawili waliokuwa wameshalala chini ya mama usiku wa kwanza, si amepata harufu yao? Watu walikuwa wanasema ndege hawanusi, siku hizi inajulikana kuku ananusa vizuri tu.

#53 Mzee_wa_Mitetea
Dada Salma umeamua kuleta chama cha tano.

#54 MifugoMwakaWaTatu
Kunusa ananusa kweli. Kama anatumia kunusa kumjua mtoto hilo nisingelisema kwa sauti kubwa. Ila mleta uzi umebadilisha vitu vingi usiku mmoja, giza, wenzie, mpangilio, siku yenyewe, chakula, kwahiyo kila mtu hapa ana haki ya kushangilia. Ungetaka kujua ungebadilisha kimoja kimoja.

#55 KibandaChaNyuma
Mkuu mimi nilitaka kifaranga asife, sikutaka kujua 😂

#56 Shangazi_Kuku
Safi. Huo mdomo mdogo kwenye chakula usikutishe, hata wa kuzaa mwenyewe wanapewa. Weka vyombo viwili vya chakula mbali mbali huyo mweusi apate pa kukimbilia. Kipimo ni jioni. Kama jioni wakiingia kulala anafunikwa, mwache. Ukimkuta jioni amesimama nje manyoya yamemsimama analia, mtoe, na hapo umtoe moja kwa moja na umpe mwenzake mmoja wa kukaa naye kwenye taa, kifaranga wa peke yake hanenepi. Joto kama nyuzi 35 wiki ya kwanza halafu unashusha kama nyuzi tatu kila wiki.

#57 BabaMapacha
Na anaweza kubeba wangapi koo moja? Mimi wanaokuja ni wengi.

#58 Shangazi_Kuku
Angalia mwili wake. Koo la kawaida kumi mpaka kumi na mbili, kubwa sana ongeza kidogo. Usihesabu wanaoingia leo wakiwa wadogo kama ndimu, hesabu watakavyokuwa wiki ya tatu. Wakizidi wa pembeni wanakosa joto usiku wa baridi, asubuhi unakuta wamekufa unasema koo limekataa.

#59 BabaMapacha
Nimeelewa shangazi. Na wakija kwa mafungu? Fungu moja leo lingine wiki ijayo?

#60 FundiBruda
La wiki ijayo usimpe huyo. Akishawashika wa kwanza siku mbili tatu anawajua, wageni atawapiga.

#61 Salma_wa_Banda
Atawapiga labda 😏 langu lilipokea.

#62 Mzee_wa_Mitetea
Walikuwa rangi gani?